Tambi za Mama kwenye Sahani Nyeupe

Siku ile ya kuniaga mlinipa kipaza sauti, nami badala ya kuongea nikacheka. Nilicheka mpaka meneja akadhani nimezidiwa na machozi, akanipokonya kipaza sauti kwa huruma na kuwaomba mnipigie makofi. Sasa niko nyumbani, nimekaa barazani, na kicheko bado hakijaisha. Basi niandike. Nyinyi mliobaki jikoni, someni mkiwa mmeketi. Na mwenye sukari motoni aiteremshe kwanza.

Vyeo sitavitaja. Mnavijua, na vingine nilipewa kwa sababu aliyekuwa mbele yangu alihama. Nitawaambia yale ambayo hamkuyaona.

Nilitoka Koboko nikiwa mtu mzima mwenye ndevu na ujuzi wa aina moja tu: vitamu vya mama. Mama yangu, Halima, alijaliwa wana wa kiume watupu. Akasema jiko halijui nani mwana nani binti, akanikabidhi mwiko mimi niliyekuwa mkubwa. Baba, ambaye baba yake na babu yake walikuwa askari, alitaka niingie jeshini. Alipoambiwa nimepata kazi hotelini Arua, akauliza, "Ya ulinzi?"

Mama akajibu, "Ya tambi."

Baba akasema kwamba hata jeshi linakula.

Mkuu wa vitamu pale hotelini alikuwa Mama Furaha, mwanamke mfupi kutoka upande wa Kongo, aliyejifunza kuoka kwa masista huko Bunia. Alinitazama kuanzia viatu hadi kofia, akarudi kwenye viatu.

"Unajua kupika nini?"

"Tambi, mama. Na kaimati. Na gurusa, zile chapati zetu nyembamba."

"Pika tambi."

Nikapika kama nyumbani. Nilizikaanga kavu mpaka zikawa na rangi ya udongo wa Koboko, nikatia mafuta, iliki, sukari na zabibu, nikafunika ziive polepole kwa mvuke. Nikapakua. Kwa heshima nikajaza sahani hadi ukingoni, na kwa heshima zaidi nikaongeza kilima juu yake. Mama Furaha akala kijiko kimoja, amesimama, macho ameyafumba.

"Butamu iko," akasema. "Lakini umejaza sahani kama gunia ya muhogo. Mutu ataanzia wapi?"

Akachukua sahani nyingine, nyeupe, pana. Akaweka katikati kopo la maziwa ya unga lililokatwa juu na chini, akatia tambi zangu ndani, akazishindilia taratibu kwa mgongo wa kijiko, halafu akalinyanyua kopo. Tambi zikabaki zimesimama kama kingoma kidogo. Akachagua zabibu tatu zilizonona, akaziweka juu. Akadondosha uzi wa asali kuzunguka. Akafuta ukingo kwa kitambaa safi, akarudi nyuma hatua moja kama fundi anayeangalia ukuta.

Nilihisi kama nimemwona mama yangu amevaa tena mavazi ya harusi yake. Nikacheka kwa sauti, siku yangu ya kwanza kazini, mbele ya mkuu wangu.

"Unacheka nini?"

"Mama, hizi ni zile zile?"

"Iko zile zile. Zimeoga tu."

Hapo ndipo kazi yangu ilipoanzia.

Nyinyi mmekuta makabati yamejaa vyombo vya chuma vinavyong'aa. Sisi tulikuwa na kopo la maziwa, chujio la chai la kunyunyizia sukari laini, na chupa ya tomato ya kubinya, tuliyoiosha mpaka harufu ikakubali kuhama. Mchuzi wa maembe ulitoka humo kwa mstari mwembamba, na mara mojamoja kwa kishindo. Kwa kupanga punje za simsim na majani ya mnanaa tulihitaji kibano chembamba. Mama Furaha akanituma sokoni nikanunue kibano cha kung'olea nyusi.

"Unanunulia mke?" muuzaji akauliza.

"Hapana. Iko ya simsim."

Akanitazama nyusi, akaniuzia bila kuniuliza tena. Tangu siku ile, kila nilipopita mbele ya meza yake alimgusa jirani yake begani.

Sheria ya Mama Furaha ilikuwa moja, nami niliirithi bila kuongeza neno: badilisha sura, lakini aliyelelewa na chakula hicho akifumba macho akitambue. Ukimpa Mnubi mwenzangu tambi akauliza hiki ni nini, umeharibu, hata kama sahani yako inafaa kutundikwa ukutani. Kwa hiyo gurusa tulizikunja kama leso, tukazitia asali na simsim iliyosagwa, lakini hazikuacha kuwa gurusa. Kaimati tulizipanga tano kwa mviringo, shira ya sukari tukaiweka pembeni kwenye kikombe kidogo ili mteja amimine mwenyewe na ajione fundi. Viazi vitamu tulivichoma kwa mkaa, tukavikata mapande ya kupendeza, tukavilaza juu ya mtindi. Mteja mmoja kutoka Ludara, kule kwetu Koboko, alipokula kiazi hicho alisimama katikati ya chumba, akampigia simu dada yake, akamwambia, "Kiazi yetu iko hapa, imevaa tai!"

Msidhani kila kitu kilisimama. Niliwahi kugandisha uji wa ulezi wenye maziwa na asali kwenye vikombe vidogo, nia yangu niugeuze juu ya sahani usimame ukitikisika kidogo. Umeme ukaondoka adhuhuri, jenereta likakohoa na kunyamaza, na jioni tulikuwa na meza ndefu ya wageni kutoka Kampala. Niligeuza kikombe cha kwanza. Uji ukaenda kila upande kama maji ya mvua barabarani. Nikageuza cha pili, kana kwamba chenyewe hakikusikia habari za cha kwanza.

Mama Furaha hakunigombeza. Alileta glasi za chai, akamimina uji, akatia njugu zilizotwangwa, uji tena, kisha vipande vya maembe, na juu jani moja la mnanaa. "Hii ilikuwa ya glasi tangu asubuhi," akasema, akanisukuma mlangoni na trei. Wageni walisifu, wakauliza wazo lilitoka wapi. Nikajibu kwamba lilitoka kwa umeme. Wakacheka sana, wakidhani mimi ni mtu wa mizaha.

Sasa niwape kisa kilichokuwa kigumu kuliko vyote. Mnakijua kwa vipande, na vipande vyenyewe mlipewa na watu ambao hawakuwepo.

Koboko kulikuwa na msichana akiuza vitenge sokoni, jina lake Zamzam. Kila nilipopata likizo nilienda kununua kitenge. Mama yangu akawa na vitenge vingi kiasi cha kuniuliza kama nataka kumfungulia duka. Shida ilikuwa bibi yake Zamzam, aliyemlea yeye na kaka yake. Katika nyumba za Kinubi bibi wa namna hiyo tunamwita haboba, na haboba akishasema, wanaume hutafuta viatu vyao waondoke. Haboba alikuwa amesikia habari zangu, na akawa amesema mbele ya watu: "Mwanaume ya kupika tambi? Na Zamzam atafanya nini, atapasua kuni?"

Hivyo nikaendelea kununua vitenge.

Kisha kaka yake Zamzam, Juma, akapata mchumba. Juma alikuwa anafanya kazi Arua, aliwahi kula kwetu, akataka harusi yake Koboko iwe na vitamu vya sahani moja moja, kila mgeni na yake, kama hotelini. Meneja akakubali haraka. Mimi niliposikia ni nyumba gani, nilikaa juu ya gunia la unga.

Zamzam akanipigia simu. "Rajabu, ukiharibu, mimi siko."

"Na nikipatia?"

Akakata simu. Nilicheka peke yangu stoo mpaka Mama Furaha akaja kuangalia kama nimevuta hewa ya mtungi wa gesi.

Tulipanga tambi, kwa kuwa harusi ya Kinubi bila tambi ni kikao tu. Kila sahani ingekuwa na kingoma cha tambi, mstari wa mchuzi wa maembe, na kipande chembamba cha kashata ya simsim kimesimama juu kama tanga. Barabara ya Koboko wakati ule ilikuwa ya vumbi na mashimo. Sahani tulizifunga ndani ya mablanketi nyuma ya pikapu. Kashata Mama Furaha alizipakata mwenyewe mbele, kwenye trei iliyofunikwa, na kila dereva alipoingia kwenye shimo alimwambia, "Papa, hapa kuko watoto."

Tulifika, tukajipanga chini ya turubai nyuma ya nyumba. Nilifanya kazi siku ile kama mtu anayeandika barua ya posa. Kila kingoma kilisimama. Kila kashata ilisimama. Mama Furaha alipita kwenye mistari ya sahani, hakusema chochote, na kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Wazee na akina mama wakubwa walikuwa wameketi kwenye mikeka, wanawake wamejifunga gurbaba zao, shuka zilizotariziwa maua, Haboba katikati. Tukapeleka sahani. Mimi mwenyewe nilimwekea yake kwa mikono miwili. Akaitazama. Akaigeuza upande, akaitazama tena.

"Hii nani alikula, akaacha?"

Watu wakacheka kidogo. Yeye hakucheka. Akaangalia sahani ya jirani yake, na ya jirani wa jirani.

"Kila mutu na sahani yake? Sisi iko wagonjwa? Kula peke yake iko ya mgonjwa. Hapa iko harusi. Mumeleta watu pamoja, halafu munatenga mikono yao?"

Akaisukuma sahani. Haikwenda mbali, kiganja tu, lakini mkeka mzima ukasukuma zake. Mjomba mmoja wa upande wa bibi harusi, ambaye tangu asubuhi alikuwa anatafuta sababu ya kugomba, akaanza kuvaa viatu. Juma akasimama mdomo wazi. Nyuma ya pazia la mlango niliona macho ya Zamzam, na sikuweza kusoma yanasema nini.

Mama Furaha akaja kando yangu. Nilidhani ataniambia turudishe sahani nyuma. Akanong'ona, "Mama yule iko na haki."

Alikuwa na haki kweli. Kwetu tambi hazijawahi kuliwa na mtu mmoja. Zinakuja kwenye sinia, mikono inazunguka, na mkono wako ukikutana na wa mtu mliyegombana, ugomvi unapungua. Mimi nilikuwa nimeziogesha tambi vizuri, nikazivisha, halafu nikazifungia kila moja chumbani kwake.

"Naomba sinia," nikasema kwa sauti. "Kubwa kuliko zote."

Hakuna aliyeondoka mahali pake. Kisha pazia likafunguka, Zamzam akatoka na sinia la nyumba, lile ambalo watu wawili hulibeba siku ya Idi, akalibeba peke yake na kuliweka chini mbele ya Haboba. Hakunitazama. Alilifuta ukingo kwa ncha ya mtandio wake. Alilifuta pale panapofutwa, kama aliyefundishwa jikoni kwetu, ilhali hakuna aliyemfundisha.

Nikapiga magoti. Mbele ya ule mkeka wote nikaanza kupanga upya. Nilihamisha kingoma kimoja kimoja kwa mwiko mpana, nikavisogeza vikazunguka sinia, kila kimoja mbele ya mkono wa mtu. Mama Furaha alikuwa ananipitishia sahani. Mchuzi wa maembe niliumimina katikati, ukatulia kama kidimbwi chenye jua. Kashata nilizisimamisha zikiinama kuelekea katikati, zote, kama watu wanaosogea kusikiliza habari. Kingoma kimoja kilibomoka, nikakijenga tena kwa vidole. Watu walianza kuinama kuangalia, na yule mjomba, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akasogea karibu.

Ikabaki kashata moja. Nikamnyooshea Haboba.

"Haboba, hii ya mwisho niweke wapi?"

Akaichukua, akaichomeka katikati ya kile kidimbwi, imelala upande, bila mpangilio wowote.

"Hapa," akasema. "Bismillahi."

Akaingiza mkono. Akachota tambi, akazichovya kwenye maembe, akala, macho ameyafumba. Tulisikia kuku wa jirani.

"Tambi iko ya mama yako?"

"Iko yake, Haboba."

"Iko ya Halima kabisa." Akafumbua macho. "Macho yangu iliogopa bure. Kuleni, watu yote! Munangoja nini?"

Mikono ikaingia. Mjomba akavua kile kiatu kimoja. Tukaomba masinia kwa majirani, yakaja mengi, mengine hatukujua ya nani, na nikapanga kila moja kwa namna yake huku watu wakinielekeza kama wanavyomwelekeza dereva anayerudi nyuma. Watoto waliimba. Juma alinikumbatia nikiwa na chupa ya mchuzi mkononi, ikabinyika, ikatulowesha yeye na mimi pamoja.

Nilipokuwa najifuta, Haboba akaniita. Alikuwa analamba kidole gumba.

"Wewe, mtoto wa Halima. Wewe iko na bibi? Umeoa?"

Chupa ilinitoka mkononi. Mchuzi uliobaki wote ukaishia kwenye viatu vyangu.

"Bado, Haboba."

"Bado," akarudia, kana kwamba anapima chumvi. Akageuka upande wa pazia. "Na wewe huko nyuma, unacheka nini?"

Pazia lilitikisika. Akina mama wakapiga vigelegele, na mama yangu, aliyekuwa ameketi mwisho wa mkeka amevaa kitenge nilichonunua kwa Zamzam, akapiga chake kirefu kuliko vyote.

Njiani kurudi Arua sikumbuki mashimo. Mama Furaha alisema niliimba, na kwamba nilikuwa nakosea maneno. Baba ndiye aliyeenda kuniposea. Alimwambia Haboba kwamba ukoo wetu ni wa askari. Haboba akamwambia hilo linasameheka.

Lile sinia likaingia kwenye menyu yetu, nanyi mmelipanga mara nyingi bila kujua lilizaliwa chini ya turubai kwa sababu bibi mmoja alikataa kula peke yake. Mkilipanga, kipande cha mwisho mpeni mteja akiweke yeye. Kitakaa vibaya. Kiacheni kikae vibaya.

Mama Furaha alirudi kwao baadaye, akaniachia kibano cha nyusi na kopo la maziwa. Mpaka leo ananipigia simu kuniuliza kama vijana wangu wanafuta ukingo wa sahani. Huwa nasema ndiyo. Msiniumbue.

Arua ikafanywa jiji, na menyu nayo ikataka kuvaa suti. Mkaja nyinyi na simu zenu, mkipiga picha sahani kabla haijapata wa kuila. Mwanzoni nilinung'unika. Kisha nikaona mmoja wenu, Driciru, akizungusha sahani kwenye mwanga wa dirisha akitabasamu peke yake, nikaacha kunung'unika, kwa sababu na mimi ningekuwa na simu siku ile ya kwanza ningepiga picha kile kingoma mpaka betri iishe.

Sasa mwisho, kile mnachotaka kujua: nilionaje siku yenu ya kuniaga, kabla ya kipaza sauti.

Mlinikalisha ukumbini, na Zamzam kando yangu. Miaka yote ile sikuwahi kuketi kwenye viti vile. Vinazama, hamjaniambia. Nilikuwa naangalia mlango wa jikoni kwa upande ambao wateja wanauangalia, kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani. Mkaniletea sahani. Juu yake palikuwa na vidonge vidogo vya dhahabu, vimepangwa kama ngazi, vimenyunyiziwa vumbi la sukari na karanga, na pembeni tone la ukwaju. Sikuvitambua. Mimi! Nikafumba macho, nikala.

Kabalagala! Vile vya ndizi na unga wa muhogo, ambavyo akina mama wanauza kwenye ndoo pembeni mwa barabara, na ambavyo katika maisha yangu yote ya kazi sikuwahi kufikiria kuviingiza ukumbini. Nilifumbua macho nikiwa nacheka. Mlangoni alisimama Driciru, ameshika kitambaa kwa mikono yote miwili, ananitazama mdomo.

Nikakiangalia tena kile chakula. Tone la ukwaju lilikuwa limekaa kushoto mno. Lingesogea kidogo tu, kama upana wa kidole. Nikainua mkono kumwita.

Zamzam akanipiga teke chini ya meza.

Nikafunga mdomo. Kisha nikaufungua tena, nikaomba sahani ya pili.